Ukuta Tuliobomoa Kila Alasiri

Mke wangu husema Mungu aliponiumba alisahau kunipa makalio. Ananitania hivyo kanisani, mbele ya watu, kila ninapoinuka katikati ya mahubiri kwenda kugusa ukuta wa nyuma. Sikuwa hivyo zamani. Mimi ni masoni, fundi wa kujenga kwa matofali hapa Butembo, na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kumaliza kazi, kunawa mikono, kula na kulala. Huu ugonjwa wa kutotulia, wa kugusa kuta za watu ili kuhakikisha bado zimesimama, niliupata nilipokwenda kufundisha gerezani, Beni.

Kanisa letu ndilo lililoniomba. Humo gerezani tayari kulikuwa na darasa la kusoma na kuandika, cherehani chache za akina mama, na sabuni iliyopikwa kwenye pipa. Mkuu wa gereza alitaka mafunzo yaongezwe: useremala, ujenzi, chochote ambacho mtu angeweza kutoka nacho mkononi. Mchungaji alinifuata kazini nikiwa juu ya jukwaa, akaniuliza kama ningeweza kushuka Beni kila juma, nikae siku chache, nirudi. Nilikubali palepale, kama ninavyofanya kila kitu, kisha nikaanza kujiuliza nimejitia katika nini.

Watu hawakukosa maneno. Jirani yangu mmoja, mama mwenye mdomo, alinisimamisha njiani.

“Weye unaenda kufunza bezi, na batoto betu banazungukazunguka hapa bila kazi? Bezi njo banapata école, bengine bure?”

Nilimjibu kwamba hao wezi wake siku moja watafunguliwa na watapita mbele ya nyumba yake, na ni afadhali wapite wakitafuta mahali pa kujenga kuliko wakitafuta dirisha lililo wazi. Alicheka, lakini hakuridhika. Hata mimi jibu langu halikunitosha, na niliendelea kubishana naye kichwani njia nzima, juu ya pikipiki, Butembo kwenye baridi nikiwa na koti na Beni kwenye joto nikiwa nimelivua.

Mkuu wa gereza tulimwita Directeur. Alikuwa mtu wa Kasai, serikali ilimtuma huku akiwa hajui hata neno moja la Kinande, lugha yetu, na Kiswahili chake alikiokota barabarani pamoja na Kilingala cha askari. Alinipokea vizuri, akanionyesha ua, akanionyesha rundo la matofali ya kuchoma yaliyotolewa na waumini. Kisha akaniwekea sharti lake.

“Masta, ukuta ikibakia wima humu mu cour, mutu anapanda, anaruka, na kesho miye njo nafungwa fasi yake. Donc kila siku, mbele ya appel, munaweka yote chini. Yote. Oyoki, unasikia?”

“Directeur, mais haba batu banakuya kujifunza kujenga, hapana kubomoa.”

“Bajifunze yote mbili,” akasema, na kwake maneno yalikuwa yamekwisha.

Basi ndivyo tulivyofanya kazi. Saruji haikuruhusiwa, kwa sababu kilichojengwa kwa saruji hakibomoki kirahisi, kwa hiyo tulijenga kwa tope tulilochimba pembeni mwa ua. Shimo la tope lilipoanza kuwa kubwa, askari mmoja alilichungulia kwa mashaka, akaingiza fimbo kuona kama lina mwisho. Asubuhi tulitega uzi, tukaweka kona, tukapandisha mstari juu ya mstari. Mchana ukuta ulitufika kifuani. Nilipitisha timazi, nikasifu, nikagomba, nikasifu tena. Kisha askari wa zamu aligonga rimu kuukuu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo. Mlio wa kwanza ulikuwa wa kujiandaa, wa pili wa kusimama mistarini na kuhesabiwa. Kati ya mlio na mlio, ukuta ulipaswa kulala chini.

Mwanzoni tulivunja matofali mengi kwa haraka ya kubomoa, na matofali hayakuwa ya kuchezea. Ikabidi nifundishe na hilo. Anza juu. Gonga pembeni kwa mpini wa nyundo, polepole, mpaka tofali liachie. Lipokee kwa mkono, mpe mwenzako, naye akwangue tope, mwingine apange. Wanafunzi wangu wakawa hodari kweli. Walipanga mstari kutoka kwenye ukuta hadi kwenye rundo, wakaanzisha wimbo wa kanisa, na kabla ya mlio wa pili ua ulikuwa mtupu kama hatukuwahi kuweka kitu. Mimi niliyewafundisha nilikuwa nageuza uso nisione.

Nikirudi Butembo sikutulia. Huku kwetu watu wanajenga kila mahali, kila kilima kina matofali mekundu yanayopanda, na mimi nilikuwa napita katikati ya kazi za wenzangu nikisukuma kuta zao kwa kiganja. Mafundi walinicheka. Nilikuwa naogopa, na sikujua naogopa nini.

Miongoni mwa wanafunzi wangu kulikuwa na mtu wa Masereka. Huko juu kwenye baridi, mashamba ya baba yake yalikuwa yamegawanywa mpaka yakaisha, naye akashuka na mke wake kutafuta ardhi pande za Mabalako, akapanda kakao. Akagombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, akampiga kwa mpini wa jembe, akamvunja mkono. Hakukataa kosa lake. Alifungwa, shamba likauzwa kulipa fidia, na mke wake akarudi Masereka kwa baba yake pamoja na watoto. Alikuwa na mikono mipana na maneno machache, na kona zake zilikuwa safi kuliko za wote.

Siku moja ya kutembelewa, mke wake alifika na kikapu cha viazi. Askari alikichomachoma kikapu kwa waya, kama kawaida, akampisha. Mume wake aliniita nisogee, nisikie kwa masikio yangu.

“Rudilia mbele ya patron,” alimwambia mke wake.

Mwanamke aliinamisha macho. “Papa anasema hivi. Shamba haiko tena. Mutu bila shamba, bila kazi, atalisha mwana wangu na nini? Siku atatoka na métier, na brevet ya kuonyesha kama anaijua kweli, akuye atubebe. Kama hapana, miye na batoto tunabakia kule.”

“Na weye?” mume akauliza. “Weye unasema nini?”

“Miye nasema ujifunze.”

Tangu siku hiyo mtu huyo hakupumzika. Aliponiona naingia tayari alikuwa amekoroga tope. Alipanga matofali akinyamaza, na ukuta ulipomalizika aliusimamia, akiutazama mpaka dakika ya mwisho, kisha rimu ikalia naye akawa wa kwanza kuinua nyundo. Mara moja, tukiwa tunakwangua tope, aliniuliza ukuta uliojengwa vizuri unakaa muda gani kabla haujaanza kuinama.

“Kama umeujenga muzuri,” nikamwambia, “njo yenye itakuzika weye.”

Alimaliza kukwangua tofali lake. “Ya kwangu hata moja haijaona asubuhi,” akasema.

Nilijifanya nimeitwa na mtu upande wa pili wa ua. 

Cheti, hiyo brevet, kilihitaji mtihani, na mtihani ulihitaji jopo la watu kutoka Butembo, jury kama tunavyosema. Directeur alikuwa na furaha kuliko wote. Mafunzo yalikuwa wazo lake, na sasa watu wakubwa walikuwa wanakuja kuyaona. Aliniahidi mwenyewe: “Siku ya jury ukuta inabakia mupaka baione. Miye nasimama pale.” Niliwaambia wanafunzi wasibomoe siku hiyo, nikarudia, nikarudia tena. Walitikisa vichwa.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imeharibu njia, na jury walifika wamechelewa, viatu vimejaa matope. Walianza na akina mama wa cherehani, kisha maseremala. Wakati huo sisi tulikuwa tunajenga. Tulipandisha kona mbili na nafasi ya dirisha katikati, kila tofali limekaa mahali pake. Nilipitisha timazi na uzi haukuachana na ukuta hata kwa unene wa ukucha. Nilimtazama yule mtu wa Masereka, naye alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Directeur, kwa ukarimu wake, aliona aibu wageni kukaa na njaa. “Tukule kwanza,” akasema. “Chakula inapoa. Ukuta haiwezi kukimbia.”

Tuliingia ofisini mwake. Kulikuwa na fufu, sombe la majani ya muhogo na nyama ya mbuzi. Mimi sikuweza kukaa. Nilisimama karibu na mlango na sahani mkononi, nikihamisha mguu mmoja hadi mwingine.

“Masta, ukae basi,” mkubwa wa jury akaniambia. “Utakula wima sawa musentineli wa ku mulango?”

Hapo rimu ikalia.

Askari wa asubuhi alikuwa ameelezwa asiigonge. Lakini zamu ilikuwa imebadilika wakati jury wanachelewa, na askari wa mchana aliona saa imefika, akagonga kama siku zote. Directeur alibaki na tonge la fufu karibu na mdomo. Mimi nilisikiliza, roho juu, nikajiambia: niliwaambia, nilirudia, hawawezi. Kisha nikausikia wimbo wa kanisa. Na chini ya wimbo, tofali likigusa tofali.

Nilitupa sahani nikakimbia. Nilipofika uani ukuta ulikuwa umebaki kimo cha goti. Mstari wa watu ulikuwa umesimama kutoka pale hadi kwenye rundo, mikono inapokea, mikono inatoa, na yule mtu wa Masereka alikuwa kwenye kona yake na nyundo. Aliniona. Wimbo ukakatika mtu mmoja mmoja. Alilitazama tofali alilolishika, akaligeuza, akakaa chini kwenye tope akiwa bado amelikumbatia.

“Patron,” akasema. “Mikono ilitangulia.”

Hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kulia, mtu mzima mwenye mvi. Mimi nilipiga kelele, sijui niliwapigia nani, nikajitupa kwenye rundo na kuanza kurudisha matofali mahali pake kama mwenda wazimu. Wanafunzi nao wakainuka, wakaanza kukoroga tope upya.

Mkubwa wa jury alifika akifuta mikono. Alitazama ua, akatazama matofali yaliyopangwa vizuri.

“Mur iko wapi?”

Directeur alimweleza. Alijieleza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kilingala, akajibebesha kosa lote. Mkubwa wa jury alimsikiliza mpaka mwisho, na naapa sikuona ubaya usoni mwake.

“Directeur, nasikia. Mais nitapima nini? Nitaandika kama niliona nini?”

“Batajenga mbele yako,” nikamwambia. “Ungojee kidogo tu. Haba batu beko mbio.”

“Masta, njia. Ukituchelewesha hapa, njia itatufunga. Unajua kule, jioni hakuna mutu anapita.”

Nilijua. Sote tulijua: giza likiingia, njia hiyo ilikuwa ya watu wenye bunduki. Waliondoka wakati mstari wa pili ulikuwa unapanda. Akina mama wa cherehani na maseremala walipata vyeti vyao. Waashi waliambiwa wangojee jury ijayo, na yule mtu wa Masereka angefunguliwa kabla ya hapo.

Nilirudi Butembo na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Nilimkasirikia Directeur na fufu lake, jury, askari, rimu. Mke wangu aliniuliza chakula kimekosa nini. Chakula hakikukosa kitu. Kilichoniuma ni kwamba wanafunzi wangu walikuwa wamefanya sawasawa nilivyowafundisha, bila kuvunja hata tofali moja.

Juma lililofuata nilikwenda moja kwa moja kwa Directeur. Nilimwambia kama anataka kuongeza mafunzo, aanze kwa kuwapa watu hawa kitu kimoja cha kubaki. Chakula chao kilipikwa chini ya turubai lililotoboka, wajenge jiko. Alikataa, akakuna kichwa, akatembea uani akipima kwa macho umbali hadi ukuta wa nje, akakataa tena, akakubali shingo upande. Leo jiko hilo lipo, na waashi wengine wamepata vyeti kwa kulijenga. Yule mtu wa Masereka alilichimbia msingi tu. Karatasi yake ya kufunguliwa ilifika kabla kuta hazijapanda.

Alikuja moja kwa moja kwangu Butembo, na mfuko mmoja wa plastiki. Nilikuwa na nyumba ya kujenga upande wa juu wa mji, nikamtia kazini bila kumuuliza cheti, naye akapanga chumba chini ya kilima. Siku ya kwanza tulipanga mistari kadhaa kwa saruji. Saa ya kuondoka ilipofika wengine walinawa miguu wakaenda. Yeye alibaki amesimama mbele ya ukuta, nyundo mkononi, jasho likimtoka.

“Weka nyundo chini,” nikamwambia. “Twende.”

“Tunaiacha hivi?”

“Tunaiacha.”

Kesho yake nilifika mapema, umande bado uko kwenye majani. Nilimkuta ameweka kiganja juu ya mstari wa mwisho.

“Iko,” akaniambia.

Nikajifanya namshangaa, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeamka mapema kwa sababu hiyohiyo. Ikawa desturi yetu. Kila asubuhi, kabla ya mafundi wengine, wagonjwa wawili tulikutana pale kuhakikisha nyumba ya mtu haijahama.

Alituma habari Masereka kwamba ametoka, ana kazi, na cheti hana. Hakuficha chochote, hata habari ya jury. Jibu lilikawia mpaka akaacha kula vizuri. Halafu siku ya soko, lori la viazi lilisimama chini ya kilima, na mzee mmoja wa mabuti ya mpira akapanda kuja kwetu, nyuma yake binti yake na watoto.

Mzee alinisalimu kwa heshima, akamsalimu mkwe wake kwa ufupi. Akaizunguka nyumba. Aliegemea ukuta kwa bega, akausukuma, akarudi nyuma, akautazama kwa jicho moja. Kisha akakaa juu ya rundo la mchanga.

“Banasema siku ya examen mulibomoa ukuta yenu benyewe.”

“Ndiyo, papa,” mkwe akajibu.

“Na hii, munaibomoa saa ngapi?”

Sikujua kama anatania. Mtu wangu naye hakujua, kwa sababu alinitazama mimi kwanza. “Hii inabakia, papa.”

“Basi leo nalala Butembo,” mzee akasema. “Kesho nitakuya kuiona. Muke na batoto balale kwako usiku moja, tuone.”

Usiku moja, tuone. Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikayazungusha mpaka mke wangu akanifukuza kitandani. Alfajiri nilikuwa tayari napanda kile kilima. Ukuta ulikuwepo. Nikaugusa. Mzee alifika, mabuti yake yana umande, akausukuma tena kwa bega. Tukangoja.

Mkwe wake hakuwepo. Mtu ambaye hajawahi kunitangulia kuondoka, wala mimi kumtangulia kufika, siku hiyo hakuonekana. Mafundi wengine walikuja, wakakoroga saruji, jua likapanda. Mimi nilienda huku na kule kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilijiambia amekimbia. Nilijiambia mke amekataa usiku uleule, wamegombana, yote yamebomoka. Mzee alinitazama tu, na mimi nilikwepa macho yake.

Kisha nikawaona wanapanda. Alikuwa amembeba mtoto mdogo mabegani, anacheka na kitu ambacho mtoto alimwambia sikioni, na mke wake alikuwa nyuma na chakula cha mchana kwenye kitambaa. Alimteremsha mtoto karibu na mchanga. Alimsalimu mzee. Akachukua mwiko wake, akapita kando ya ukuta bila kuutazama, akaja kwangu.

“Patron, unisamehe, tulilala sana. Leo tunaanzia wapi?”

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilimwonyesha kona kwa kidole.

Mzee aliinuka, akajipangusa mchanga. Alimpa binti yake mkono, akawashika watoto vichwa mmoja mmoja, akaniambia “Wasingya”, asante, kwa sauti ya chini. Binti yake alianza kufungua kitambaa ili ampe chakula cha njiani, naye akakataa.

“Muachie bwana yako,” akasema. Akateremka kilima peke yake kutafuta lori la viazi linalorudi Masereka.